Fundo la Kassim

Siku mliyoniaga pale dukani, mkanipa kanga na lile birika la umeme, mmoja wenu alisema, "Bi Mwanne, tuandikie basi, usituache hivi hivi." Nikacheka. Nani aandike, mimi? Mimi niliyezoea kuandika "mnene" na "mwembamba" juu ya maboksi ya mishipi? Lakini tangu siku ile niliyokwenda Itetemia kifua changu hakijatulia, na naona nisipoyasema nitapasuka. Basi someni. Anayetaka kujua nililipwa kiasi gani na nilipanda cheo lini aache hapa hapa, maana hayo hayamo, na hata yangekuwamo yasingejaza mstari.

Jambo moja mnalijua: mimi ni mtu wa kushtuka. Mwiko ukianguka jikoni, mimi nimeshafika barabarani. Marehemu Mzee Sefu, mwenye duka, alikuwa akiniambia, "Mwanne, wewe ungekuwa samaki tusingekupata hata kwa bomu." Alisema kweli. Nimeuza ndoano tangu nikiwa msichana mpaka wateja wakaanza kuniita bibi, na nimeshtuka miaka yote hiyo, lakini nawaapia, mshtuko wa mwezi wangu wa mwisho kazini haufanani na mingine yote. Nitaufikia. Kwanza kazi.

Nilianza kazi kwa kupanda juu ya maboksi. Ndiyo kwanza nimemaliza shule, sijawahi hata kushika fimbo ya kuvulia. Kwetu samaki alikuwa kitu kinachotoka sokoni kimeshakauka, kimekunjwa mkia mdomoni. Mzee Sefu alikuwa mtu wa mjini hasa; wazee wake walifika Tabora na misafara ya kutoka pwani, wakaona hakuna haja ya kurudi. Mwenyewe alilelewa Ujiji kwa mjomba wake, huko ndiko alikojifunza uvuvi, na alipofungua duka la vifaa vya kuvulia katikati ya mji usio na ziwa watu walimcheka. Hawakujua hesabu yake. Mtu wa Tabora ana Bwawa la Igombe hapa hapa, ana Mto Ugalla, ana Ziwa Sagara na Malagarasi, na wote wanaokwenda huko hupita mlangoni kwetu.

Asubuhi ile ya kwanza akaingia mzee mmoja Msukuma na gunia begani. "Mwangaluka," akatusalimia kwa kwao, akalitua gunia juu ya kaunta. "Nimeleta ndoano yenu. Imekwama." Mzee Sefu akaniambia nifungue. Nikafungua. Lahaula! Ndani mna kamongo mzima, mrefu kuliko mkono wangu, amevuliwa jana yake, amelala guniani usiku kucha bila tone la maji, na bado anahema huku ananitazama. Sikumbuki nilipandaje. Nilijikuta juu ya maboksi ya nyavu, kiatu kimoja kimebaki chini.

"Mwanne," akasema Mzee Sefu bila kuinua sauti, "shuka. Unamtisha mteja."

"Mteja gani?"

"Huyu wa guniani. Naye ametumia bidhaa yetu."

Akachukua koleo, akamfungua kamongo mdomo bila wasiwasi wowote, akatoa ndoano. Kabla hajaitazama ndoano yenyewe akatazama fundo. "Ona," akaniambia, "ameimeza, ameburutwa, amelala nayo, fundo halijasogea." Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na nililipata nikiwa bado juu ya maboksi. Fimbo, rili ya kukunjia mshipi, mshipi wenyewe, vyote ni vya kumfikia samaki. Kinachomleta nyumbani ni fundo.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alinipa kipande cha mshipi akasema, "Upitishe mdomoni." Nikamtazama nikidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe mdomo wa chini unajua kuliko kidole. Mshipi wenye mkwaruzo mdogo kabisa, ambao macho hayaoni, mdomo unausikia. Nyinyi mnapima kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi halafu mnashangaa mteja akirudi analalamika. Na mshipi wa nailoni adui yake ni jua. Mnavyoupanga dirishani ili uonekane mzuri, mnauua. Wekeni boksi tupu dirishani, mshipi ukae gizani.

Fimbo msichague kwa rangi. Chukueni pamba, ipitisheni ndani ya kila pete. Pamba ikiacha nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi siku samaki mkubwa akija. Ikunjeni mbele ya mteja na mtege sikio. Inayolia ndani imeshavunjika, bado kutangazwa tu. Kwa perege wa Igombe mpeni fimbo laini inayokubali kupinda. Kwa kambale na kamongo mpeni yenye uti wa mgongo. Na msibishane na wakulima wa tumbaku wa Urambo wakishauza. Watataka fimbo ndefu kuliko zote dukani. Mmoja wao alirudi baada ya msimu kunishukuru. Nikamuuliza amevua nini. Akaniambia hajavua kitu, ameifunga fimbo juu ya bati akaning'iniza antena ya televisheni, na picha zinaonekana safi kabisa.

Rili shikeni mkono wake muutikise. Ukicheza, rudisheni kwenye boksi. Zungusheni taratibu karibu na sikio msikie kama kuna mchanga. Breki yake iwekwe hivi: samaki akivuta, mshipi utoke kwa kunung'unika. Ukigoma kutoka utakatika, na ukitoka bila kelele samaki atahama nao. Na ndoano, mwambieni mteja mgeni mapema kwamba namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, vinginevyo atawaona wezi.

Siku moja akaja frateri kutoka seminari ya Kipalapala, kijana mwenye adabu zake, akataka ndoano isiyo na kijino. Mzee Sefu akamuuliza sababu. Akasema yeye akivua samaki humrudisha majini, anapenda ule mvutano tu. Nilimwona Mzee Sefu akivuta kiti akikaa. Kwa mara ya kwanza alishtuka yeye, mimi nikabaki nimesimama.

"Unamvua, halafu unamrudisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Amekukosea nini?"

Frateri alicheka mpaka akatoa machozi. Mzee Sefu hakucheka. Lakini alichukua tupa akakisugua kile kijino mpaka kikaisha, akamfungia ndoano kwenye mshipi kama wateja wengine. Maana huo ndio uliokuwa mwiko wa duka letu, na natumaini bado upo: ndoano haitoki uchi. Mteja hata awe mvuvi wa tangu na tangu, ndoano yake ya kwanza tunaifunga sisi.

Sasa niwaambie habari za Kassim, ambaye nyinyi mmemsikia kwa jina tu.

Kassim aliajiriwa nikiwa nimeshazoea kazi. Mtu mrefu, mpole, mtoto pekee wa kiume wa Bi Zena, mjane aliyekuwa akikaa nyuma ya msikiti. Alikuwa hana neno na mtu. Tatizo lake lilikuwa mkono wa kushoto. Watu wetu wa mjini mnawajua. Ukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto umemtukana, na ukila kwa kushoto umewatukana wote waliokaa kwenye sinia. Wiki yake ya kwanza alimpa bibi mmoja boya kwa kushoto. Bibi akaliacha pale pale hewani, akageuka akaondoka. Nilishtuka mpaka nikaangusha kopo la machubwi ya kuzamishia mshipi, risasi zikatapakaa duka zima. Mzee Sefu akamwambia Kassim, "Mwanangu, kutoa toa kwa kulia. Kufunga kaa huko nyuma ya pazia ufunge kwa mkono unaotaka." Ikawa hivyo.

Na nyuma ya pazia likatoka fundo ambalo sijaona mfano wake. Sisi wa mkono wa kulia tunapitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, tunauzungusha juu yake wenyewe, tunairudisha ncha kwenye kile kitanzi cha chini, tunalowesha kwa mate, tunavuta. Mate ni lazima, mkivuta mkavu mshipi unaungua. Kassim alifanya yote hayo, lakini mizunguko yake ilikwenda upande wa pili, kwa sababu ya ule mkono. Halafu ncha akaichomeka tena chini ya mzunguko wa mwisho, ikalala imeelekea ndoano, haichomozi nje. Mzee Sefu aliyajaribu mafundo yetu kwa ndoo ya maji iliyotundikwa darini. Langu liliteleza. Lake yeye mwenyewe liliteleza. La Kassim halikuteleza. Mshipi ndio uliokatika, juu kabisa. Ndoo ikatumwagikia sote. Tangu siku hiyo wateja wakawa wakija wanasema, "Nipe la Kassim." Jioni alikuwa akibeba kopo la ndoano kwenda nalo nyumbani, asubuhi anarudi nalo zote zimefungwa. Tukawa tunamuuliza kama huwa analala.

Alipotea masika. Alikwenda Ugalla kupeleka vifaa kwa wavuvi, kama alivyozoea. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, umenasa kwenye matete, mfuko wake wa vifaa ukakutwa chini zaidi ya mto. Yeye hakukutwa. Mnaujua Ugalla, una mamba na una viboko. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka, Mzee Sefu mwenyewe alikwenda akarudi amekonda. Ikaswaliwa sala ya ghaibu, ikasomwa hitma. Mimi nilipika pilau ile huku machozi yanaingia sufuriani. Bi Zena hakulia. Alikaa na kanga kichwani, kila aliyempa pole akamwambia neno moja tu: "Mimi sijaona maiti." Baadaye alihamia Itetemia kwa binti yake. Kila Idd nilikwenda kumwona, nikala kwake, na kila mara alisema vilevile, hajaona maiti. Nikawa namwitikia tu, "Ndiyo, mama." Mimi moyoni nilikuwa nimeshamzika Kassim. Mzee Sefu naye akafariki, duka likaenda kwa wanawe, miaka ikapita, nywele zangu zikawa nyeupe.

Sasa mwezi ule wa mwisho. Mlikuwapo, lakini hamkujua mlichokiona.

Aliingia Nestori. Mnamfahamu, yule mkulima wa Ulyankulu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, anayevaa rozari nje ya shati. Alikuwa amevunja fimbo Ziwa Sagara, amekuja kuchukua nyingine. Akaweka vipande juu ya kaunta. "Fimbo tupa, mama," akaniambia, "lakini hii ndoano usiitupe. Kambale alivuta mpaka fimbo ikakatika, fundo likabaki. Nihamishie kwenye fimbo mpya hivi hivi ilivyo."

Nikaishika. Vidole vilijua kabla ya macho. Mizunguko imekwenda upande wa pili. Ncha imechomekwa chini ya mzunguko wa mwisho, imelala, imeelekea ndoano.

Nikajiambia, Mwanne, tulia, hii ni ya zamani, mtu ameihifadhi. Nikaupeleka mshipi kwenye mwanga. Ulikuwa wa kijani wenye madoa meusi. Ule ule ulioanza kuja mwaka huu! Nyinyi wenyewe ndio mliofungua boksi la kwanza mkaniuliza kwa nini una madoa. Fundo la Kassim, kwenye mshipi wa mwaka huu.

Nilikaa chini pale pale nyuma ya kaunta. Mlidhani ni presha. Mmoja akakimbilia maji, mwingine akanipepea na kifuniko cha boksi. Nikawaambia ni joto. Nestori masikini alisimama ameshika rozari yake, anafikiri ameniua. Nikamwita pembeni.

"Baba, hili fundo umefunga wewe?"

"Hapana, mama. Mimi nafunga kama nafunga mbuzi."

"Umelitoa wapi?"

"Isikizya. Nilikwenda kwa shemeji yangu, pale kuna fundi baiskeli anaitwa Maganga, alinipa aliposikia naenda Sagara."

Nikamwomba aniachie ile ndoano kwa siku chache, nikamfungia nyingine kwenye fimbo mpya. Sikumwambia mtu. Mnanijua mdomo wangu, lakini sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilikuwa namfikiria Bi Zena. Nikienda kumwambia mwanao yu hai, halafu iwe siyo, nitakuwa nimemzika Kassim mara ya pili, na safari hii mama yake naye nitakuwa nimemwingiza humo humo. Nikasema lazima nimwone mwenyewe kwa macho yangu kwanza. Nikawaombeni ruhusa kesho yake, nikasema nina maumivu ya mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa.

Isikizya nilikwenda kwa bodaboda. Nilimkuta Maganga kando ya barabara, si mbali na ofisi za halmashauri, amegeuza baiskeli juu chini. "Karibu, mayu," akasema, yaani mama kwa kwao, akanifutia kigoda. Nikamwonyesha ndoano. Akafurahi. Akavuta kopo kutoka chini ya meza akanifungulia, na humo ndani, jamani, humo ndani zilikuwamo nyingi, zote zimefungwa, zote upande wa pili, ncha zote zimelala. Nilishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Nani anafunga hizi?"

"Mimi napeleka ndoano na mshipi tu, mayu. Kuna bibi mmoja ananifungia. Hataki chochote. Sharti lake ni moja, nimpe mtu anayekwenda mbali. Ugalla, Sagara, Malagarasi huko. Mtu wa Igombe hapewi. Anasema Igombe ni hapa hapa."

"Bibi gani?"

"Bi Zena, wa Itetemia."

Nikamshukuru Maganga sijui kwa maneno gani, nikarudi kwenye pikipiki. Na njiani yote ikanijia kwa mpigo mmoja: Kassim yuko kwa mama yake! Hakufa. Alitoka mtoni, akaenda alikokwenda kwa sababu zake, amerudi, mama yake anamficha uani, anafunga ndoano kama zamani na mama ndiye anayezitoa! Ndiyo maana yule mama hakulia! Furaha ilinipanda, kisha hasira ikaja kuishika. Tumemswalia mtu mzima! Nimepika pilau ya mtu mzima! Nikaanza kumsema, "Subiri nikukute, Kassim, subiri tu." Boda akageuza shingo. "Bibi, unasema na mimi?" Nikamwambia atazame mbele.

Itetemia, nyumba ya binti yake Bi Zena iko mwisho, inapakana na mashamba ya mahindi. Sikupiga hodi. Mimi, niliyelelewa mjini, sikupiga hodi. Nilizunguka moja kwa moja uani ili nimkute kabla hajakimbilia ndani.

Kassim hakuwapo. Alikuwapo Bi Zena peke yake mkekani, miguu ameinyoosha. Mbele yake kigoda kilichopigiwa msumari, kwenye msumari ndoano, na mkono wake unazungusha mshipi. Mkono wa kushoto. Upesi, bila kutazama, kwa kuwa macho yenyewe siku hizi yanaona kivuli tu. Mkono ukazunguka, ukarudi, ukaichomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Akainama, akalowesha kwa ulimi, akavuta.

Nimekula kwa mama huyu miaka na miaka. Amenipakulia, amenipa maji ya kunawa, amenishika mkono, na sijawahi hata siku moja kuona mkono wake wa kushoto ukifanya kitu mbele ya watu.

"Nani?" akauliza, na mkono ukaingia chini ya kanga.

"Mimi Mwanne, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kimya kimya hivyo? Umenikuta vibaya."

"Mama, wewe ni wa kushoto?"

"Mama yangu, Mungu amrehemu, aliufunga huu mkono kwa kitambaa nilipokuwa mdogo," akasema. "Nikajifunza wa kulia kwa mambo ya mbele za watu. Huu ukabaki wa ndani. Kassim aliupata kwangu, masikini. Mimi sikumfunga kitambaa. Nilijua unavyouma."

"Na hili fundo?"

"La kwake. Lile kopo alilokuwa akija nalo jioni, mlifikiri anafunga peke yake? Alifunga mpaka anasinzia, mimi namalizia. Huwezi kujua lipi langu lipi lake. Yeye mwenyewe alikuwa hajui."

Nikauliza hata hivyo. Nilijua jibu, lakini nikauliza. "Kassim yuko wapi, mama?"

"Ningejua, Mwanne, ningekaa hapa?"

Nikakaa chini mchangani, nje ya mkeka, nikalia. Nililia kuliko siku ya hitma, kwa sababu siku ya hitma sikuwa nimeingia uani nikimtafuta. Bi Zena akaniacha nimalize. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, kwa adabu yake ile ile, akasema, "Umeshika nini? Nimesikia kinagonga." Nikampa ndoano ya Nestori. Akaihamishia kushoto, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hii yangu. Imetoka wapi?"

"Mtu wa Ulyankulu aliileta dukani. Alikuwa nayo Sagara."

"Imefika Sagara!" Uso mzima ukafunguka. Nawaambia ukweli, sijawahi kumwona mtu mzee akifurahi vile. "Sagara kabisa? Na huko kuna mtu ameiuliza?"

Hapo nikaelewa anachofanya. Nikaelewa kwa nini Igombe hapewi mtu. Mama huyu kwa mkono aliofungwa utotoni amekuwa akitupa fundo la mwanawe kwenye kila maji yaliyo mbali, miaka yote hii, ili kama yuko mahali, kama kichwa chake kimepotea, kama ana aibu ya kurudi, siku moja alishike na alijue. Na mimi nilikuja kila Idd nikala ubwabwa wake, nikamwitikia, "Ndiyo, mama."

"Hakuna aliyeiuliza, mama," nikamwambia. Sikuweza kumdanganya. "Ila mimi."

"Wewe uliijuaje?"

"Kwa fundo."

"Uliambiwa na mtu?"

"Sikuambiwa. Niliishika tu nikajua."

"Ukafanya nini?"

"Nikaifuata. Nikaenda Isikizya, kutoka Isikizya nikaja hapa."

"Mpaka mlangoni kwangu."

"Mpaka uani kwako, mama, na hodi sikupiga."

Akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanashuka, akapigapiga mkeka kwa ule mkono wa kushoto, hakuuficha tena. "Kumbe inawezekana," akasema. "Mwanne, inawezekana! Wewe umeona fundo tu, umekuja mpaka umenikuta nimekaa. Na yeye atakuja hivyo hivyo."

Nilifungua mdomo nimwambie yule amekufa, mama, Ugalla una mamba. Ningemwambiaje, wakati mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimemtukana mwanawe njia nzima kwa kuwa hai? Mimi niliyejiona nimemzika, ndimi niliyezunguka nyumba nikimvizia. Hilo ndilo lililonishtua kuliko kamongo, kuliko kopo la Maganga, kuliko ule mkono. Bado linanishtua ninapoandika.

Siku hizi nakwenda Itetemia mara kwa mara. Nimejaribu kulifunga lile fundo kwa mkono wangu wa kulia, halikubali, linateleza. Basi mimi napitisha mshipi kwenye tundu, maana macho yake hayalioni, yeye anafunga. Tunasema mambo ya watu, tunacheka. Juzi aliniuliza kama mnazo bado zile ndoano kubwa za kamongo.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, na hili ndilo hasa nililotaka kuwaachia. Hizo ndoano zilizomo kwenye kopo jekundu chini ya kaunta, nililosema msiliguse, ni za Bi Zena. Wapeni wanaokwenda mbali, na waulizeni wanakwenda maji gani kabla hamjawapa. Na siku moja akiingia mtu mrefu, mzee sasa, mpole, akashika ndoano mojawapo akanyamaza, hakuuliza bei, anaigeuza tu kwa mkono wa kushoto, msimhoji. Msimwambie asubiri. Fungeni duka, hata likiwa limejaa wateja, mmpakie, mmlete Itetemia, nyumba ya mwisho, upande wa mahindi. Msipige hodi. Mtatukuta uani.